"Ni mitishamba tu": hiyo "tu" ndiyo inayonikera

Kuna saa ya usiku ambayo wanawake wa rika langu, tunaokoma hedhi, tunaijua. Unaamka shingo imelowa, unalitupa shuka kando, na baada ya dakika tano unalitafuta kwa baridi. Ukisimulia, hakosekani wa kukuletea kichupa: "Jaribu hii, ni mitishamba tu, haina madhara."

Estrojeni za mimea, yaani kemikali za mimea zinazoiga homoni ya kike ya estrojeni, si porojo. Isoflavoni, kemikali za aina hiyo zilizomo kwenye soya, zimefanana na estrojeni yetu kiasi cha kukaa kwenye vipokezi vyake mwilini, ingawa nguvu yake ni ndogo. Huko Australia Magharibi, miaka ya 1940, kondoo waliolishia kwenye klova, mmea wa malisho, walianza kukosa mimba, kumbe chanzo ni estrojeni ya majani yenyewe. (Walikula majani hayo kutwa, nakubali, wala simtishi mtu na soya ya chakula.) Lakini kitu cha kumfunga kondoo uzazi unakiitaje "tu"?

Je, soya hupunguza joto la ghafla? Wengine hupata nafuu kidogo, wengine hawaoni kitu. Baadhi yetu tuna bakteria tumboni wanaoigeuza isoflavoni mojawapo kuwa ekuoli, yenye nguvu zaidi, wengine hatunao. Tena kwenye majaribio, hata waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa husema joto limepungua. Kwa hiyo shosti akiniapia kwamba amepoa, namwamini. Akisema ni kichupa kilichompoza, hapo nanyamaza.

Hofu ya homoni za hospitali, wanazopewa wanaokoma hedhi, naielewa. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI ulisimamisha jaribio la estrojeni na projestini (homoni nyingine ya tiba hiyo), kwa sababu saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka miongoni mwa watumiaji. Wengi wakakimbilia mimea. Ila Actaea racemosa, mmea maarufu wa vidonge hivi, una ripoti za watumiaji walioumia ini, na Hypericum perforatum, mmea mwingine wa dawa, hupunguza nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Nani anakwambia hayo anapokukabidhi kichupa?

Changu nilikwenda nacho kwa daktari, nikakiweka mezani kando ya dawa yangu ya presha. Akavaa miwani, akageuza lebo: majina saba ya mimea, na hakuna hata mmoja ulioandikiwa kipimo.