Tarehe ya kifo cha mwanamuziki inatuhusu nini sisi wa kusini?

Ikifika Januari 12, redio hulirudisha gitaa la Mbaraka Mwinshehe, na mtangazaji hukumbusha kwamba siku kama hiyo mwaka 1979 alifariki Mombasa kwa ajali ya gari. Mei 11 ni zamu ya Bob Marley, Juni 25 Michael Jackson. Na hapa Mtwara hakosekani mzee wa Mikindani au Newala wa kuuliza: tarehe hizi za watu zinatuhusu nini sisi?

Mzee ana haki ya kuuliza. Muziki wa kusini haukulelewa na kalenda. Nyimbo za unyago zinafundishwa na nyakanga, yule mama mkuu wa mafunzo hayo, wasichana wanaochezwa wanaondoka nazo, basi. Ukimbana nyakanga akwambie wimbo ni wa lini, atasema ulichezwa mwaka wa kimbunga, au enzi za reli ya karanga, ile ya mradi wa kikoloni wa kulima karanga. Sindimba imechezwa na vikundi vya taifa na watoto wa shule nchi nzima, na hakuna ajuaye nani aliianza wala siku gani. Tena wazee wana hofu nzito zaidi: palipo na tarehe pataulizwa na jina, na jina likishaandikwa, kilichokuwa cha wote kinakuwa cha mmoja. Akija mtu na simu yake akarekodi wimbo wa jando, kesho ndiye mwenye wimbo.

Hofu hiyo naielewa. Ila wanaotunza tarehe wanadhaniwa ni waigaji tu wa mambo ya redio, na hapo ndipo wanapoonewa.

Mtazame Solomon Linda. Mwaka 1939, Johannesburg, alirekodi na kundi lake wimbo wa Kizulu uitwao "Mbube", yaani simba. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukaimbwa Marekani na makundi mbalimbali, na mwaka 1994 ukasikika ndani ya filamu ya Disney. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wanawe waliishi kwa dhiki wakati sauti ya baba yao inazunguka dunia.

Kilichowaokoa ni tarehe. Wanasheria walifukua sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizokuwa ameziuza zinarudi kwa warithi wake. 1962 jumlisha 25: 1987. Kwa hesabu hiyo, filamu ilipotoka wimbo ulikuwa umesharudi kwa watoto wa Linda miaka saba kabla. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia mapatano na kulipwa. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi. Kama familia ingekuwa na neno moja tu, "alikufa zamani", 1987 ingetoka wapi?

Kwetu hesabu ni hiyo hiyo, namba tu ndizo tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, kwa hiyo ulinzi wa tungo zake ulifika kikomo 2015. Mbaraka, 1979: kikomo ni 2029. Januari 12 ile ya redioni, ambayo mzee anaiona ni porojo, kwa warithi wa mtunzi ni saa inayohesabu kurudi nyuma.

Na pasipo na kumbukumbu pana ugomvi. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, dunia nzima inaujua, lakini hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. Vijana wetu hawatafikia huko. Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi hapa Mtwara, alitoa "Aiyola" mwaka 2015, na ushahidi umejaa intaneti. Ninaowaogopea ni waliokuja kabla ya intaneti.

Narudi kwa hofu ya wazee, maana ndiyo inayonigusa kuliko yote. Wanasema tarehe itampa mnyang'anyi nafasi. Mimi naona kinyume chake: mnyang'anyi anaupenda wimbo usio na tarehe, kwa kuwa siku aliyourekodi yeye ndiyo itakuwa ya kwanza kuandikwa. Sheria yetu inazilinda pia sanaa za jadi za jamii, lakini jamii itauonyeshaje uzee wa wimbo ikiwa haina hata mwaka mmoja wa kuutaja?

Mwaka upo, nyakanga keshausema. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952. Reli ya karanga ya Mtwara kwenda Nachingwea ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye mkekani na daftari, akiandika huu ulichezwa kabla ya kimbunga, huu baada ya reli kung'olewa, bila kumwandika yeyote kuwa ndiye mwenye wimbo. Aliyekuwa mwali mwaka ule wa kimbunga sasa amepita miaka 80.