Gari dogo huishi miaka mingapi Uganda?

Mpwa wangu wa Arua amepata kazi, na sasa anataka gari. Si pikapu, anataka sedani, lile gari la buti nyuma ambalo mtu akishuka nalo kanisani watu wanajua kashuka. Juzi akanipigia simu: "Mjomba, sedani nikiitunza vizuri itanipa miaka mingapi?" Nikamjibu bila kufikiri: "Ishirini." Simu ilipokatika nikatoka uani nikaitazama ya kwangu, nikaona nimemjibu upesi mno.

Yangu ni Toyota Corona Premio ya mwaka 1998, injini ya 7A, lita 1.8. Niliichukua kwenye bondi moja, yaani yadi ya magari yaliyotumika kutoka nje, pale Nakawa mwaka 2009 ikiwa na kilomita 96,000. Leo dashibodi inasoma 341,000. Ni miaka 16 mikononi mwangu, kilomita elfu kumi na tano na kitu kila mwaka, nyingi zikiwa za Kampala kwenda Arua na kurudi, takriban kilomita 500 kila upande. Kwa hiyo ishirini niliyomtajia si uongo. Ila sikumwambia tunaanza kuhesabu wapi.

Kule Japani gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, wanaouita shaken, unakula pesa, na gari likikaribia miaka kumi wenye nalo wengi huona heri waliuze. Kwao limeshakuwa mzee. Kwetu ndiyo kwanza linapewa namba. Na sisi Kampala tunasoma umri wa gari kwenye namba hiyo: ukisema unauza UBH, namba ya karibuni, watu wanakusogelea, ukisema UAM, namba ya zamani, wanauliza kwanza kama linawaka. Lakini namba inakueleza siku gari lilipoandikishwa nchini, haikuelezi lilikoishi kabla.

Kilomita nazo hudanganya, maana odometa hurudishwa nyuma kama saa ya ukutani. Hapa kuna msaada ambao wanunuzi wengi hawautumii: tangu 2004 Wajapani huandika kilomita kwenye hati ya gari wakati wa shaken, na zile za ukaguzi wa mwisho huonekana kwenye karatasi za kuliuza nje. Mwombe muuzaji karatasi hizo. Akianza kukuzungusha, tazama mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 70,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma.

Sasa, upande unaosema sedani hudumu una hoja nzito. Injini hizi za Toyota za miaka ya tisini, zikibadilishwa oili kila kilomita 5,000 na zisiachwe zichemke, kufika 300,000 si miujiza. Kampala bado kuna Kikumi, Corolla za E100 zilizotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya tisini (kikumi ni mia kwa Kiganda, na jina linatokana na hiyo 100), zinazofanya kazi ya special hire, yaani teksi ya kukodi, kila siku. Spea zake utazikuta Kisekka, utazikuta Ndeeba, mpya na zilizotumika. Fundi wake hahitaji kompyuta. Anainamisha kichwa, anasikiliza, anakwambia ni bushi au ni boljointi. Hata Marekani, ambako gari jipya si ndoto, wastani wa umri wa magari madogo na pikapu zilizo barabarani ulifika miaka 12.6 mwaka 2024. Huo ni wastani wa yaliyo hai tu. Mengi yana umri mkubwa zaidi na bado yanaendeshwa.

Wapenzi wa magari ya zamani hupenda pia kumtaja Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki. Sedani yake ya Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ilitembea kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia makumbusho ya kampuni hiyo Ujerumani. Mimi mfano huo hunifurahisha kuliko unavyonishawishi. Injini ya gari lile ilitolewa na kubadilishwa mara nyingi. Kwa mtindo huo hata baiskeli ya baba yangu ingefika leo.

Tatizo langu na jibu la "likitunzwa vizuri" ni kwamba utunzaji hapa kwetu haumo mikononi mwa mwenye gari peke yake. Mwaka 2014 nilinunua mkanda wa taiming kwenye duka moja mjini. Boksi lilikuwa na nembo, lina stika inayong'aa, na bei ilikuwa ya kitu halisi. Mkanda wa injini yangu huenda kilomita 100,000. Ule ulikwenda 23,000. Tulikuwa tumeipita Nakasongola, saa kumi na moja jioni, gari likanyamaza tu, bila kishindo. Fundi alifika kwa boda giza likiingia, akafungua kifuniko kwa mwanga wa simu, akauvuta mkanda nje. Meno yalikuwa yamepukuchuka kama hindi. "Mzee," akasema, "huu walikuuzia mpira."

Kilichoniokoa ni kwamba kwenye injini ya 7A valvu na pistoni hazikutani mkanda ukikatika. Ziko injini ambazo mkanda ukikatika valvu hupinda zote, na hapo ndipo watu husema gari limekufa. Mimi nilikuwa nimefanya kila kitu kwa wakati wake. Gari langu lina karibu miaka kumi tangu jioni ile, na siwezi kusema miaka hiyo ni matunda ya utunzaji wangu. Ni ya mhandisi fulani wa Japani ambaye hata hakujua Nakasongola iko wapi.

Halafu kuna mafundi wetu na themostati. Gari likichemka mara moja tu, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuing'oa na kuitupa, eti hiyo ni ya nchi za baridi. Ukweli ni kwamba themostati huifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inakunywa petroli zaidi na kulika upesi. Kisha radieta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inajijenga ndani, na miaka michache baadaye gari linachemka kwa haki kabisa. Hapo mwenye gari huambiwa, "Ssebo, hii imezeeka." Haijazeeka. Imezeeshwa.

Barabara sizisemi sana, kila mtu anazijua. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu waweke mtandaoni picha za mashimo ya Kampala, na picha zikamiminika kama mvua ya mwezi huohuo. Kwa sedani, ambayo tumbo lake liko karibu na ardhi, mashimo yanamaliza shokapu na bushi. Hizo hubadilishwa. Ni gharama, si kifo.

Upande wa pili hauulizi kama gari linaweza kudumu, unauliza kama inafaa lidumu. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yakaja Afrika. Mengi huingia na vifaa vya kusafisha moshi vilivyokwisha au vilivyong'olewa. Hewa ya Kampala inapimwa kila siku na mitambo ya AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, na hakuna anayehitaji mtambo kuijua saa moja asubuhi pale Kibuye. Mwaka 2018 Uganda ikabadilisha sheria: gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa likazuiwa kuingia nchini. Kenya wao walishaweka miaka 8 zamani.

Nakiri kwamba sheria hii inanivuta pande mbili. Umri ni kipimo butu. Unazuia mpakani Premio ya miaka 16 iliyolelewa kama yai, huku ndani ya nchi gari la miaka 12 lililopigwa teksi mchana na usiku likipita bila swali. Kipimo sahihi kingekuwa hali ya gari lenyewe, breki, moshi, chasisi, lakini ukaguzi wa lazima ulioanzishwa katikati ya muongo uliopita ulipingwa sana na ukasimama. Kwa upande mwingine, mwaka wa kutengenezwa husomeka kwenye karatasi pale Busia au Malaba, na ni vigumu kubishana nao. Hali ya injini ni maoni ya mtu, na maoni yananunulika.

Jambo ambalo waliotunga sheria sidhani walilitaka ni hili: kulifanya gari la karibuni kuwa ghali ni kurefusha maisha ya la zamani. Ukiongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na kodi ya mazingira, mtu mwenye UAM yake anapiga hesabu, anairudisha gereji. Mimi ni mmoja wao. Mwaka jana Premio yangu ilikula shilingi 2,900,000 za spea na ufundi. Jirani ananiambia ni ujinga, kwa kuwa gari lenyewe nikiliuza sipati zaidi ya milioni 9. Ananilinganishia vitu viwili visivyolingana. Bei ya gari langu haihusiki. Kinachohusika ni bei ya kulibadilisha. Mpwa wangu ametajiwa milioni 38 kwa Toyota Axio ya 2012. Akikopa kwa riba ya asilimia 20, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni milioni 7.6. Kwa pesa hiyo nalitengeneza langu miaka miwili na nusu.

Ila hesabu hiyo ina tundu, na aliyeliona ni mama watoto. Mwaka jana gari lililala gereji siku kumi na moja, na yeye siku hizi hakubali tuvuke daraja la Karuma usiku tukiwa nalo. "Linatembea," anasema, "lakini wewe mwenyewe unaendesha huku umetega sikio." Sina jibu la hapo.

Na kuhusu hizo sedani za karibuni anazozitaka kijana, sioni sababu ya kumwahidi kilomita 341,000. Nyingi zina giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, na hiyo inataka oili yake maalumu. Nimeona gereji ambazo zina dumu moja la ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, na hilohilo linamiminwa kwenye kila giaboksi inayoingia. Vivyo hivyo oili ya injini: 20W-50 kwa kila gari, wakati injini za VVT-i, hizi za Toyota za karibuni, zimetengenezewa nyepesi zaidi. Gari la 1998 lilisamehe ujinga wetu mwingi. La 2012 ni bora barabarani, lina mifuko ya hewa na breki nzuri, linakunywa kidogo, lakini si la kusamehe. Kwa fundi anayelijua litampeleka mbali. Kwa fundi wa dumu moja, sidhani.

Wiki iliyopita, nikiwa bado na swali la mpwa kichwani, nilimwomba fundi alipandishe langu tulitazame kwa chini. Injini kavu, hakuna tone. Giaboksi safi. Nikaanza kujisifu. Yeye akachukua bisibisi, akaisukuma taratibu pale ambapo jeki hukaa, karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Iliingia. Haikuingia sana, labda inchi moja, lakini ilipenya kwenye kitu kilichopaswa kuwa chuma, na vumbi jekundu likamwagika kwenye kiganja chake. Akaniambia kutu ya namna hii haikuanzia Uganda. Gari lilikaa sehemu ya theluji, kama Hokkaido kaskazini mwa Japani, ambako humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Kwa hiyo lilikuja Nakawa 2009 likiwa tayari na ugonjwa wake, na mimi miaka 16 nilikuwa nabadilisha oili.

Inaungika, anasema, kwa sasa. Baada ya miaka miwili mitatu hatapata chuma kizima cha kuungia. Injini itabaki nzima, haina pa kukaa.

Nimempigia tena mpwa wangu. Nimemwambia ishirini nimeifuta, na siku atakayokwenda bondi asiende na rafiki wa kusikiliza injini, aende na fundi mwenye bisibisi, na alale yeye mwenyewe chini ya gari kabla hajauliza bei.