Anza-Borrego wanakuachia ulale popote, basi tubebe majivu yetu

Naomba nilisemee hili la moto manake limenikaa rohoni tangu nirudi. Tulikuwa Blair Valley, upande wa kusini wa Anza-Borrego, tumefika jua linazama, na pale pazuri tulipopalenga kwa ajili ya hema tukakuta duara la mawe lina mkaa, vipande vya magogo yaliyoungua nusu, vifuniko vya chupa na misumari kibao, ile misumari inayobaki mtu akichoma mbao za paleti. Tukasogea mbele kidogo, duara lingine. Tukasogea tena, la tatu. Na wote waliofanya hivyo nina uhakika walilala vizuri, wakaondoka na picha zao nzuri.

Kwa asiyeijua, Anza-Borrego ni hifadhi ya jangwa kule California, ndio kubwa kuliko hifadhi zote zinazomilikiwa na jimbo hilo, zaidi ya hekta 240,000, kutoka San Diego mjini ni kama masaa mawili kwa gari. Anza ni Juan Bautista de Anza, afisa wa jeshi la Hispania aliyekatiza humo na msafara wake miaka ya 1770, na borrego ni kondoo kwa Kihispania, nitarudi kwa hao kondoo.

Kinachonifanya niipende kuliko zingine ni kwamba huhitaji kupewa namba ya sehemu ya kulala. Hifadhi nyingi unabuku miezi kabla, unapewa kipande chako kati ya jirani huyu na yule, basi. Hapa unashika barabara ya vumbi, na ziko nyingi mno humo ndani, unaona mahali pamekuvutia, unapaki, unaweka hema, hulipi na hubuku. Masharti yenyewe hayazidi vidole vya mkono mmoja. Gari lisitoke nje ya barabara zaidi ya urefu wa gari moja. Kaa angalau mita 30 kutoka kwenye maji yoyote, kwan wanyama wanakuja kunywa usiku na wakikuona hapo wanarudi na kiu yao. Usiokote kuni, hata kijiti kikavu. Na moto uwe ndani ya chombo cha chuma, majivu uondoke nayo. Yaani ni hayo tu, wamekuamini wewe mtu mzima kwenye ardhi kubwa namna hiyo, halafu mtu anashindwa.

Nimeshasikia watu wanabishana kuhusu hilo la mwisho, wanasema mkaa si ni mti tu, si utaoza. Jamani, jangwani hakuozi kitu! Kuoza kunataka unyevu, na pale mvua ni ya kubahatisha, mkaa wa mwaka huu utaukuta mwaka kesho na mwaka kesho kutwa palepale ukiwa mweusi vilevile. Tena kuna jambo baya zaidi, mtu anafukia makaa kwa mchanga akidhani ameuzima moto, kumbe mchanga unatunza joto, anakuja mtoto wa watu asubuhi anakimbia peku anakanyaga. Na hizo kuni kavu watu wanazoziona hazina mwenyewe, zina wenyewe, humo chini kuna mijusi, kuna wadudu, kuna panya wa jangwani wamejibanza wakisubiri jua lishuke, na mti kule unakua taratibu sana kwahiyo ukichoma gogo moja usitegemee kulikuta lingine karibuni.

Sisi tunatumia karai la chuma. Lile lile la zege, zito, tunaliinua kwa mawe matatu kama mafiga ili lisiunguze ardhi, kuni tunakuja nazo kutoka nyumbani, tukimaliza tunamwaga maji tunakoroga mpaka unaweza kutia mkono, asubuhi majivu yanaingia kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko. Dakika kumi. Mawe yanarudi yalikotoka na huwezi kujua kama tulikuwepo.

Sasa kwa anayetaka kwenda mara ya kwanza, ushauri wangu usianzie porini. Lala usiku wa kwanza Borrego Palm Canyon, karibu na mji mdogo wa Borrego Springs, pale kuna maji, kuna vyoo vya maana, mabafu, na njia ya miguu inayopanda korongo mpaka kwenye mitende ya mwitu ya jangwani, ambayo ndio jamii pekee ya mtende ulio wa asili California. Hapo lazima ubuku, hasa msimu wa maua. Wenye farasi wana kambi yao, Vern Whitaker. Halafu kuna kambi za katikati, mfano Culp Valley, Mountain Palm Springs, Fish Creek, humo utakuta choo cha shimo na utulivu, maji hamna kabisa. Ukishazoea hizo ndio uende kulala popote. Maji hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, hayo ya kunywa tu, na mi huwa naongeza ya siku moja zaidi manake gari likizama kwenye mchanga huko Fish Creek simu haishiki.

Culp Valley iko juu, zaidi ya mita 1,000, kwahiyo bondeni kukishaanza kuchemka kule bado pana nafuu. Ila mwezi wa 6 mpaka wa 9 mi siendi kabisa, joto linapita 40, na ndio kipindi cha zile mvua za ghafla. Usiweke hema kwenye mto mkavu hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Septemba 2004 mafuriko yalishuka na lile korongo la Borrego Palm Canyon yakang'oa mitende hiyo kwa mamia na kupita katikati ya kambi, na mvua yenyewe ilinyesha huko juu milimani.

Mbwa nao. Najua watu wanaumia kuambiwa mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu wala porini, anaishia kambini na kwenye barabara za gari, tena kwenye kamba isiyozidi mita 2. Lakini ndio hapo kondoo wanapoingia. Hawa ni kondoo wa mwitu wa milimani, madume yana pembe zilizojikunja kama konokono, na tangu 1998 wamo kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kondoo akimnusa mbwa anakimbilia juu majabalini, anaacha maji aliyoyafuata, na kwenye joto lile kukosa maji siku moja sio kitu kidogo. Mi mbwa wangu nampenda sana na namwacha kwa dada.

Usiku ule Blair Valley tuliwasha moto mdogo tukauzima mapema, kwa ajili ya nyota. Borrego Springs mwaka 2009 ulikuwa mji wa kwanza California kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza lake, na ukilala huko unaelewa kwanini walihangaika, ule mkanda wa nyota unauona mzima kutoka mlima mpaka mlima. Asubuhi tukafanya kazi ya yale maduara matatu. Tulichekecha mchanga kwa mikono tukitafuta misumari, tukarudisha mawe, ndoo ikajaa mkaa wa watu tusiowajua na wetu ukakosa pa kukaa, tukaufunga kwenye sufuria ya ugali.

Mwezi wa 2 tunarudi, safari hii Mountain Palm Springs. Ndoo nimeshanunua ya pili.