Kabla hujaandika 8.8.8.8, jua kwanza nani hajibu

Mtu akisema tu intaneti ya nyumbani imegoma, kurasa hazifunguki, ushauri anaopewa ni ule ule kila siku: nenda kwenye setingi, badilisha DNS (ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba), weka 8.8.8.8 ambayo ni namba ya seva ya Google ya kutafuta majina, utanishukuru baadaye. Mi huo ushauri siupendi na nitasema kwa nini. Sio kwamba seva ya Google ni mbaya, ipo tangu 2009 na inajibu vizuri tu, shida ni kwamba unamwambia mtu abadilishe kitu ambacho hakuna aliyeangalia kama ndo kimeharibika, afu bahati mbaya mtandao ukirudi wenyewe dakika ile ile anaondoka anaamini amepata dawa, na ile namba inabaki kwenye mashine miaka nenda rudi mpaka siku imletee tatizo lingine kabisa ambalo hatakumbuka lilianzia wapi.

Jina unaloandika kwenye brauza linapita mikono mingi kabla halijawa namba ya IP, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Brauza ina kumbukumbu yake ya majibu iliyopata mwanzo, mfumo wa kompyuta una yake, kuna faili la hosts, kuna rauta, kuna seva ya kampuni inayokuuzia intaneti, na hiyo seva kama haina jibu ndo inaanza kuuliza kule juu kwenye seva za mizizi, zile zenye majina 13 kuanzia A mpaka M, inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa seva ya mwenye jina. Mfumo huu aliubuni Paul Mockapetris mwaka 1983, kabla ya hapo majina yote yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, likitunzwa na watu wa SRI, taasisi ya utafiti kule California, na kila mwenye kompyuta kwenye mtandao analinakili kutoka kwao. Na ule utaratibu haujafa, ndo hilo faili la hosts lililopo mpaka leo, kwenye Windows liko ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts, na kwa kawaida linasomwa kabla ya kuuliza seva yoyote. Maana yake mstari mmoja uliosahaulika humo, au uliochomekwa na programu ya ovyo, unaweza kulipeleka jina pasipo na kitu, na we ubadilishe DNS mara ngapi halisogei.

Kwa hiyo swali la kwanza sio DNS gani ni nzuri. Swali la kwanza ni je, yaliyogoma ni majina au ni mtandao mzima. Kulijua hilo ni rahisi sana, fungua lile dirisha jeusi la kuandika amri, kwenye Windows linaitwa Command Prompt, andika ping 1.1.1.1, yaani igongee hodi namba hiyo uone kama inajibu, ni namba ya kampuni ya mtandao inayoitwa Cloudflare, hapo hujauliza jina la mtu umeenda moja kwa moja kwenye namba. Ikijibu wakati kurasa zote zimekataa, basi njia ipo, wanaosumbua ni watafuta majina. Isipojibu, jaribu na ping 8.8.8.8, na hiyo ikikaa kimya achana na DNS kwa sasa, nenda kaangalie kebo, waifai, taa za rauta. Kwenye Windows andika pia ipconfig /all, amri inayoonyesha setingi za mtandao za kompyuta, ukiona anwani yako inaanza na 169.254 ujue kompyuta iliomba anwani kwa rauta haikupewa ikajipa yenyewe, na mashine ya hivo hata uiwekee seva bora kuliko zote duniani haina pa kupitia kuifikia.

Ukishajua ni majina, hapo ndo nslookup inaingia, amri ya kuiuliza seva ya DNS jina fulani lina namba gani, na natamani sana watu wajifunze kusoma kinachotoka pale manake wengi wakiona lile dirisha jeusi wanalifunga. Andika nslookup wikipedia.org afu tulia. Mistari miwili ya juu, Server na Address, inakwambia nani ameulizwa. Hapo ndo pa kukazia macho. Ukiona 192.168.1.1 au namba kama hiyo, anayeulizwa ni rauta yako. Ukiona namba ambayo hujawahi kuiweka na wala rauta haikuitoa, simama hapo hapo usiendelee na mengine mpaka ujue imetoka wapi.

Afu soma chini. Ukikuta DNS request timed out, timeout was 2 seconds, maana yake aliyeulizwa hakujibu kitu, kalala, au kuna kitu kinazuia njia ya kumfikia, mara nyingi faya-woli au antivairasi. Ukikuta Non-existent domain hicho ni kitu kingine kabisa, aliyeulizwa yuko hai na amejibu, amesema jina hilo halipo, kwa hiyo angalia kwanza ulivyoliandika, au kama seva hiyo inachuja baadhi ya majina. Ukikuta Server failed, seva imekusikia, ikajaribu, ikashindwa kupata jibu huko mbele, na hapo kosa linaweza kuwa la mwenye jina mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipopotea kwa muda wa kama masaa sita, seva za majina za kampuni hiyo zilikuwa hazifikiki, na watu walikuwa wanabadilisha DNS kwenye kompyuta zao huku waliotumia 1.1.1.1 na waliotumia 8.8.8.8 wanapata kosa lile lile. Hakuna setingi ya nyumbani ingesaidia siku ile.

Ukitaka kulinganisha, uliza tena kwa kumtaja wa kumuuliza: nslookup wikipedia.org 8.8.8.8. Kama huyu anajibu na wa rauta hajibu, sasa una sababu ya kusema seva niliyopewa ina shida. Kama wote wawili wanajibu vizuri na brauza bado inagoma, usiguse seva, manake nslookup inaenda kuuliza seva moja kwa moja, haisomi kumbukumbu ya Windows wala faili la hosts, kwa hiyo tatizo limejificha kwenye hivyo viwili au kwenye brauza. Safisha kumbukumbu kwa ipconfig /flushdns, kwenye Linux nyingi za siku hizi ni resolvectl flush-caches, Mac ni sudo killall -HUP mDNSResponder. Angalia hosts. Angalia kama kuna VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, iliyozimwa vibaya. Na ingia kwenye setingi za brauza uone kama ile DNS ya siri inayopita kwenye HTTPS imewashwa, hiyo ikiwa imewashwa brauza haimuulizi rauta wala Windows, ina wake inayemuuliza.

Sasa nirudi kwenye ile namba inayobaki. Kuna dada aliniletea laptopu, nyumbani kwake iko poa, lakini akifika hotelini anaunga waifai na ule ukurasa wa kuingiza paswedi hauji, simu yake inaupata, laptopu hapana. Nikafungua setingi za IPv4 za waifai, hizo ni za anwani za mtandao za aina ya zamani, nikakuta kidoti kiko kwenye Use the following DNS server addresses, chini yake 8.8.8.8 na 8.8.4.4, zote za Google. Hakuwahi kuziona. Kuna mtu alimsaidia zamani akaziacha. Ule ukurasa wa hoteli mara nyingi unategemea kompyuta iulize seva ya hapo hapo hotelini, laptopu yake ilikuwa inakazania kumuuliza Google ambaye mtandao ule haujamruhusu amfikie bado. Nikarudisha kwenye Obtain DNS server address automatically, basi. Na hata nyumbani hiyo setingi ina gharama yake, kama una printa au diski ya mtandao unayoiita kwa jina ambalo rauta ndo inalijua, Google hawezi kulijua hilo jina.

Jambo lingine linalochanganya watu ni IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao inayotumika sambamba na IPv4. Mtu anabadilisha DNS upande wa IPv4, anaona hakuna tofauti, kumbe rauta imeshatoa seva nyingine kupitia IPv6 na kompyuta inaitumia hiyo. Zote mbili zinaonekana kwenye ipconfig /all, angalia orodha nzima.

Na kuhusu ile namba usiyoijua niliyosema usimame, sio woga wa bure. Mwaka 2011 FBI, wapelelezi wa Marekani, kwa kushirikiana na polisi wa Estonia walikamata genge lililokuwa linasambaza DNSChanger, programu haribifu iliyobadilisha setingi ya DNS kwenye kompyuta kama milioni 4 duniani, watu wakawa wanapelekwa kurasa za wezi wa matangazo bila kujua. Seva za genge hilo ilibidi ziendeshwe kwa muda na watu wengine ili waathirika wasikatike ghafla, zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Ilikuwa inaingia mpaka kwenye rauta zilizoachwa na paswedi ya kiwandani. Rauta yako ikiwa bado na jina admin na paswedi admin, badilisha hiyo paswedi leo kabla ya kufikiria kitu kingine.

Kama umepima na kweli seva ya mtoa huduma ndo inazingua, badilisha, sikukatazi, ila badilisha kwenye rauta, sehemu moja, ukiwa umeandika namba za mwanzo pembeni, afu vifaa vyote vikiunga upya vitapewa mpya na laptopu ikisafiri haibebi kitu. Na ukimpigia mtoa huduma msomee kilichotoka: niliuliza seva yenu saa fulani ikakaa kimya, nikauliza nyingine ikajibu. Mtu wa upande ule akisikia hivo anajua pa kuanzia.