Rada ya mvua ya mawe isimikwe Kericho, si Nairobi

Rada ya hali ya hewa ikitajwa hapa Nairobi, fikra zote huelekea jijini. Kwa mafuriko, sawa: yaliyotokea Mathare Aprili 2024 yanatosha kuipa Nairobi haki ya kwanza. Lakini mvua ya mawe ina kwao kwingine. Kericho na Nandi, kaunti za ukanda wa chai magharibi mwa Kenya, ni kati ya sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani, na kimo ndicho chanzo kimojawapo. Barafu huanza kuyeyuka ikishuka chini ya kilomita 4.5 hadi 5 kutoka usawa wa bahari. Ikielekea Mombasa, huishia njiani. Kericho iko juu, kama mita 2,000, kwa hiyo mawe hubakiwa na safari fupi na kuangukia chipukizi za majani chai yakiwa magumu.

Wanaosema setilaiti zatosha wana hoja nzito. Zinaona bara zima, bahari na milima, na hazihitaji jenereta wala fundi kijijini. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika 10 na hunasa mimweko ya radi. Radi zikiongezeka ghafla, mara nyingi wingu linapata nguvu. Setilaiti ya GPM, iliyo angani tangu 2014, hupima mawimbi ya maikrowevu ambayo barafu nyingi huyatawanya.

Tatizo ni kwamba barafu iliyo winguni si lazima ifike shambani. Kanuni za kutafsiri vipimo vya setilaiti zilizotungwa kwa dhoruba za nyanda za Marekani, zikipelekwa bonde la Kongo, huona mawe hata pale inaponyesha mvua tupu. GPM nayo hupita na kwenda zake, haitutazami muda wote. Meteosat-12 hututazama kwa mshazari kutoka juu ya Ghuba ya Guinea, hivyo kilele cha wingu refu lililo juu ya Kericho huonekana kimesogea mashariki kilomita kumi hivi. Kwa mkulima mwenye ekari moja, kosa hilo ni kubwa mno.

Swali la kama kinachoshuka ni mawe au mvua tupu, rada hulijibu vizuri zaidi. Ile ya kisasa hurusha mawimbi ya mlalo na ya wima: tone kubwa la mvua hubonyea likawa bapa, jiwe la barafu hubingirika na kuonekana kama mviringo, na tofauti hiyo husomeka. Ila ni ghali kuinunua, na ghali zaidi kuitunza.

Tena inataka ukaribu. Kutoka Nairobi hadi Kericho ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Hata mwali wa rada wa chini kabisa, ulioinuliwa nyuzi 0.5, ungefika huko ukiwa kilomita 4 juu ya usawa wa rada yenyewe, yaani zaidi ya kilomita 5 kutoka usawa wa bahari kwa kuwa Nairobi nayo iko juu, mahali barafu haijaanza kuyeyuka. Basi tungerudia kosa lile lile la setilaiti kwa gharama kubwa zaidi.

Ndiyo maana napendelea rada moja katika ukanda wa chai, hata kwa miaka michache tu. Vipimo vyake vingesahihisha kanuni za setilaiti, kisha kanuni hizo zitumike Nyandarua na kwingineko kusiko na rada. Na kabla haijanunuliwa, vituo vya kununulia majani chai vimeshatapakaa vijijini. Karani akiandika saa mawe yalipoanguka na ukubwa wake, wachambuzi watakuwa na cha kulinganishia picha walizo nazo tayari.