Mchango wa mguu uhesabiwe wote

Assalaam alaykum. Nimesoma habari ya mkulima wa Wete, Pemba, aliyeanguka mkarafuu akichuma katika shamba la watu, akavunjika paja, na sasa familia inaomba msaada apasuliwe. Allah amponye. Ila hesabu mliyoandika ni ya kupasuliwa na kuwekewa chuma tu. Boti ya kutoka Mkoani kwenda Unguja na kurudi je? Na akipelekwa Dar es Salaam, MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, anayemuuguza atalala wapi, atakula nini? Halafu yapo mazoezi ya viungo, ya miezi. Hapo ndipo wengi hukwama, pesa zimekwisha, mfupa umeunga lakini goti halikunjiki. Familia iende na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wao, kwa ustawi wa jamii pale hospitali kabla ya kulipa chochote, na ipeleke ombi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar, inayosimamia zaka, maana zaka ina fungu la watu kama huyu. Na mwenye shamba mbona hatajwi? Karafuu zake keshauza, au? Mhariri, wekeni namba ya malipo ya hospitali, si ya simu ya mtu. Mie natuma leo leo.