Kipande kinachokatwa: takataka au komeo?

Mwalimu mwenzangu hapa Mtwara aliwafundisha kidato cha sita kwamba bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, anapotengeneza spora, yaani chembe ngumu inayolala hadi hali iwe nzuri, hukata kipande cha DNA yake, na kwamba kipande hicho ni takataka ya kirusi, basi. Neno hilo, takataka, limenikaa kooni.

Msingi anao. Mwaka 1989 ilibainika kwamba jeni ya sigma K, protini inayowasha jeni za hatua za mwisho za spora, imekatika vipande viwili. Katikati pamelala kipande cha jozi za besi (herufi za DNA) 48,000 hivi, chenye sura ya kirusi cha kale kilichojichomeka humo. Njaa ikibana, seli hujigawa: spora changa huku, seli mama inayoilea kule. Ndani ya seli mama peke yake kipande hukatwa, ncha zikaungana, jeni ikawa nzima. Mwaka 1990 watafiti walikiondoa kipande mapema kabisa, na spora zikapatikana kama kawaida. Wengi wakafunga mjadala.

Waliufunga mapema mno. Sigma K ya bakteria huyu huzaliwa na mkia wa asidi amino 20 (matofali ya protini) mbele, unaoizuia kufanya kazi hadi ishara itoke kwa spora. Yaani mlango wa sigma K una makomeo mawili, kipande cha DNA na mkia huo; ukiondoa moja, la pili linaushika. Jaribio la 1990 liliondoa moja tu! Sasa mtazame Clostridioides difficile, anayesumbua wagonjwa hospitalini kwa kuharisha. Sigma K yake haina mkia huo wa mbele. Kipande kilichoikata jeni yake ni kifupi, jozi kama 14,600, na utafiti wa 2003 ulionesha kwamba aina zisizokuwa nacho hutengeneza spora kwa shida. Kwake kukata ndiko kunakopanga saa.

Wanaopinga wana jibu zito: kirusi kimejitafutia usalama wake. Hukatwa katika seli mama, ambayo itapasuka na kufa, huku nakala yake nzima ikisafiri ndani ya spora. Ni kama kubangua korosho: ganda hubaki kiwandani, korosho karanga ndiyo inayosafiri. Kwa hesabu hiyo, mwenyeji hapati hasara, wala si lazima apate faida. Nakubali asili yake ni kirusi. Lakini asili ya kitu haitwambii kazi kinayofanya leo. Mwaka 2014 ilionekana kirusi kingine cha Bacillus subtilis, SPβ, chenye jozi 134,000 hivi, kikitoka vivyo hivyo katika seli mama na kuunganisha jeni ya spsM, inayohusika na sukari zinazoifunika spora.

Kwa hiyo ningemwomba mwenzangu aandike ubaoni majina ya bakteria wote wawili. Kwa Bacillus subtilis, mbele ya kipande aweke alama ya kuuliza. Kwa Clostridioides difficile aandike komeo.